Mfumo ukilala usiku wa Krismasi, nitampigia nani?

Bi Mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni msimamizi wa kitengo cha kompyuta katika kampuni kubwa hapa Malindi. Tuna hoteli hapa mjini na Watamu, kiwanda cha chumvi upande wa Gongoni, malori yanayokwenda hadi Mokowe, na ofisi Mombasa na Nairobi. Wafanyakazi wetu ni zaidi ya elfu moja. Kila kitu, kuanzia vyumba vya wageni, mishahara na stoo hadi uzani wa malori ya chumvi, kimekaa kwenye hifadhidata moja ambayo tunailipia leseni kila mwaka kwa dola.

Mwaka huu bei imepanda tena, nikaandika pendekezo tuhamie PostgreSQL, hifadhidata huria isiyo na ada ya leseni, juu ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Tumeijaribu kwa nakala ya data zetu na inakwenda vizuri. Kwenye bajeti, mstari wa leseni niliuandika sufuri, nikijua hiyo ndiyo itakayompendeza mkurugenzi wa fedha. Akasoma mpaka mwisho, akaniuliza swali moja mbele ya wakubwa wote: "Mfumo ukilala usiku wa Krismasi na hoteli imejaa, nitampigia nani?" Nikamjibu kwamba kuna jumuiya kubwa ya wataalamu duniani kote. Akasema jumuiya haina namba ya simu. Pendekezo likarudishwa.

Linaloniuma ni kwamba huyo muuzaji tunayemlipa sasa hana la kujivunia. Agosti iliyopita mfumo ulikuwa mzito kupita kiasi, tukafungua tiketi ya kuomba msaada, tukangoja siku kadhaa, na jibu lilipokuja lilitutaka tutume upya taarifa tulizokwisha kutuma. Nikimkumbusha mkurugenzi, ananiambia angalau yupo wa kumshtaki. Wakala wa muuzaji naye amekuja kuwaambia wakubwa kwamba programu huria hazina mwenyewe na zinaweza kuachwa siku yoyote. Wakaguzi wa hesabu nao wanadai kuona mkataba wa huduma kwa kila mfumo mkubwa.

Kuna na jambo ambalo sikulisema kikaoni. Majaribio yote yamefanywa na kijana mmoja wa kitengo changu. Ni hodari mno, na najua hatakaa Malindi milele.

Niache, au kuna njia?

Msimamizi wa Mitambo, Malindi

Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Usiache. Lakini usirudi kikaoni na karatasi ile ile, kwa sababu mkurugenzi wako ameuliza swali la mtu anayeijua kazi yake. Wageni wamejazana mapokezi, ankara za kodi za eTIMS haziendi KRA, malori yamepanga foleni kwenye mizani Gongoni: atakayeitwa kujieleza usiku huo ni yeye, na wewe ubavuni pake. Alitaka jina na namba ya simu. Ana haki ya kuvipata kabla hajaweka sahihi.

Kilichoangusha pendekezo lako ni ile sufuri. Kampuni yenu imezoea kulipa ada moja yenye vitu viwili ndani yake: ruhusa ya kuitumia programu, na haki ya kuomba msaada inapokwama. Ulipoifuta ada, mkurugenzi akaona vyote viwili vimefutika. Kwenye programu huria ni ruhusa peke yake inayokuja bila malipo. Msaada unanunuliwa, na wauzaji wake wapo tele. Red Hat ilikua kwa biashara hiyo hiyo ya kuuza huduma za Linux, mpaka IBM ikainunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34 hivi. Canonical, kampuni aliyoianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, inauza msaada wa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. SUSE ya Ujerumani inafanya vivyo hivyo. Kwa PostgreSQL kuna EDB na Percona, na tovuti ya mradi wenyewe ina orodha ya makampuni ya huduma yaliyopangwa kwa sehemu za dunia. Basi andika mstari mpya kwenye bajeti, uupe jina la msaada, na uweke tarakimu ya kweli iliyotoka kwenye makadirio ya bei ya makampuni yasiyopungua mawili. Itakuwa tarakimu nene kuliko unavyopenda. Ikibaki chini ya leseni mnayolipa leo, una hoja. Isipobaki, ni heri ujue sasa.

Na faida iliyo kubwa kuliko bei sikuiona kabisa kwenye barua yako. Jahazi likivuja, fundi yeyote wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kule Lamu, atalipandisha pwani azibe nyufa kwa kalfati. Hungoji yule aliyeliunda. Msimbo wa PostgreSQL, yaani maagizo yanayoiunda programu, uko wazi, kwa hiyo kampuni ya msaada ikikuchosha unaiacha mkataba unapokwisha na kuchukua nyingine, na data zenu zinabaki pale pale zilipo. Mlipokuwa mkingoja jibu mwezi wa Agosti hamkuwa na mlango wa pili wa kubisha, maana msimbo ule hauwezi kuguswa na mwingine. Mwambie mkurugenzi jambo hilo kwa maneno yake ya kibiashara: leo mnamtegemea muuzaji mmoja ambaye hamwezi kumwacha bila kuuacha na mfumo wenyewe. Mtu wa fedha analielewa hilo upesi kuliko sisi watu wa kompyuta.

Sasa hili la kushtaki. Ni kweli kwamba leseni za programu huria, ikiwamo GPL inayotumiwa na Linux na ile ya PostgreSQL yenyewe, zinasema waziwazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Usimfiche. Lakini nenda kabatini, toa mkataba wenu wa sasa na utafute kifungu cha ukomo wa dhima, yaani mwisho wa fidia mnayoweza kudai. Mikataba mingi ya programu za kulipia inaweka ukomo kwenye kiasi ulicholipa, na inakataa kabisa kubeba hasara ya biashara iliyopotea. Ikiwa wenu nao uko hivyo, yale mauzo ya usiku wa Krismasi hayatalipwa na mtu, mfumo uwe wa aina gani. Kisha soma pamoja naye Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019: data za wageni zikivuja kwa namna ya kuhatarisha watu, anayetakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 ni kampuni yenu inayozikusanya. Mzigo huo hauhami kwa kuwa mlinunua leseni.

Ninachokuomba ukitilie mkazo kuliko vyote ni mkataba wa msaada, kwa sababu hapa ndipo makampuni makubwa yanapoumia, kwenye programu huria na za kulipia sawasawa. Usitazame kurasa za mwanzo zenye picha. Tafuta jedwali la muda. Utakuta muda wa kujibu umeandikwa kwa herufi nzito: saa moja, saa nne, siku ya kazi inayofuata. Muda wa kujibu maana yake ni mtu kukuambia amepokea tiketi yako. Muda wa kutengeneza ni kitu kingine, na mara nyingi haumo kabisa. Kile mlichokipata Agosti huenda kwenye hesabu za muuzaji kimeandikwa kuwa huduma iliyotolewa. Kwa hiyo dai iandikwe kwamba tatizo la daraja la juu litashikwa na mhandisi mfululizo mpaka mfumo urudi kufanya kazi, na kwamba mwenye kuamua daraja la tatizo ni ninyi mnaoumia. Wengine watakataa la pili. Shikilia, au angalau wakubali kuwa mapokezi kushindwa kuingiza mgeni ni daraja la juu bila mjadala.

Kisha tazama saa. Mkataba ukisema "saa za kazi", uliza saa za kazi za wapi. Zikiwa za California, kule ni nyuma yetu kwa saa kumi, au kumi na moja wakati wa baridi yao: hapa Malindi ni saa mbili asubuhi, kule ni usiku wa jana yake. Ulaya iko karibu, lakini ofisi zake nyingi hufungwa Krismasi, na hoteli zenu Krismasi ndipo zinapojaa. Mnataka msaada wa saa 24, siku zote saba, kwa mifumo michache ambayo ikilala biashara inalala. Mifumo mingine ipewe mkataba mdogo. Stoo ya mashuka inaweza kungoja Jumatatu.

Kabla ya kuweka sahihi, omba kipindi cha majaribio, na ndani yake wapigie Jumamosi saa nane za usiku. Uwe na tatizo la kweli mkononi, si la kubuni. Katika majaribio yenu halikosekani. Sikiliza aliyepokea ni nani. Ni mhandisi, au ni mtu anayesoma maswali kwenye karatasi? Waulize pia wana wafanyakazi wangapi wanaoandika msimbo wa PostgreSQL wenyewe, maana kasoro ikiwa ndani kabisa ya programu, kampuni isiyo na watu hao nayo itakwenda kungoja kama ninyi. Na omba bei kwa shilingi ikiwezekana, au mkubaliane kiwango cha kubadilisha. Mkurugenzi wako hajasahau mapema mwaka 2024, dola ilipofika shilingi 160 kabla haijarudi kwenye 130 hivi. Wakaguzi nao, wakishaona mkataba wa namna hii umesainiwa, huwa wametosheka. Walidai mkataba wa huduma, hawakutaja chapa.

Wakala aliyewaambia kwamba programu huria zinaachwa ana ukweli nusu, na nusu hiyo usiipuuze. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS Linux 8, toleo la Linux lisilolipiwa ambalo watu walitarajia kulitumia hadi 2029, itakoma mwishoni mwa 2021. Makampuni yaliyokuwa yamejenga seva zote juu yake yalipewa mwaka mmoja. Wenye programu nyingine huria nao walibadilisha leseni, zikawa na masharti makali zaidi: MongoDB mwaka 2018, Elastic 2021, HashiCorp kwa programu yake Terraform 2023, na Redis 2024. Haya yametokea na yanaweza kutokea tena.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2021 zilizaliwa AlmaLinux na Rocky Linux kuchukua nafasi ya CentOS. Terraform ikapata ndugu yake OpenTofu, Redis ikapata Valkey, zote zimejengwa juu ya msimbo ule ule na kubaki huria. Tangu zamani, hifadhidata huria ya MySQL ilipokuwa ikielekea mikononi mwa kampuni ya Oracle, Michael Widenius, mmoja wa waliouanza mradi huo, aliuchukua msimbo na kuanzisha MariaDB mwaka 2009. Watumiaji walisumbuka, hilo sikatai, lakini walikuwa na pa kwenda. Tazama pia ni miradi ipi iliyogeuka: karibu yote ilikuwa na kampuni moja inayoshika usukani. Kwa hiyo kila programu unayotaka kuileta kampuni, uliza ni nani mwenye hakimiliki, ni makampuni mangapi yanayolipa waandishi wake, na toleo lake litapata masasisho ya usalama mpaka lini. PostgreSQL haina kampuni moja inayoimiliki. Ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na leo waandishi wake wametawanyika kwenye makampuni mbalimbali. Kila mwaka hutoka toleo kubwa, na kila toleo hutunzwa miaka mitano. Ubuntu ya LTS, yaani ya kutunzwa muda mrefu, nayo hupata miaka mitano ya kawaida, na kumi kwa anayechukua huduma ya Ubuntu Pro. Tarehe hizo ziweke kwenye karatasi yako, mkurugenzi azione.

Neno moja kuhusu jumuiya, kwa kuwa umeitaja na ikakataliwa. Jumuiya ni ya kweli, na mimi naiheshimu sana. Machi 2024 Andres Freund, mwandishi wa PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Akafuatilia, akagundua mlango wa siri uliopenyezwa ndani ya XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili, kabla haujasambaa kwenye Linux nyingi za kazi. Na hapa Kenya tuna historia yetu: OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika nchi nyingi, ulichipuka mwaka 2004 kutokana na kazi ya mpango wa afya wa AMPATH kule Eldoret. Jumuiya hujenga, hukagua, hujibu maswali kwa ukarimu. Haikuahidi kupokea simu yako usiku, na si haki kuidai hivyo. Iweke kwenye pendekezo kama sababu ya programu kuwa nzuri. Namba ya simu itoke kwenye mkataba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza na linanitia wasiwasi kuliko maswali ya mkurugenzi. Umeniambia habari za hifadhidata. Programu zilizokaa juu yake ni za nani? Ikiwa mfumo wa vyumba na ule wa mishahara mmevinunua kwa makampuni mengine, kila kampuni ina orodha ya hifadhidata inazozikubali. Ukiuhamishia mfumo wa vyumba kwenye PostgreSQL na muuzaji wake haitambui, siku ya tatizo atakuambia urudi ulikotoka kwanza ndipo akusikilize. Hapo utakuwa umepoteza msaada uliokuwa nao, na maneno ya wakala yatakuwa kweli kwa mkono wako mwenyewe. Waandikie wote barua, wajibu kwa maandishi. Mfumo ambao muuzaji wake atasema hapana, uache ulipo mpaka mkataba wake utakapokwisha. Hamisha ile mliyoitengeneza wenyewe. Kwa jinsi ulivyoeleza, mizani ya chumvi na stoo zinanukia kuwa za nyumbani. Basi anzia stoo. Na msimbo ulioandikwa ndani ya hifadhidata ya sasa, zile hesabu zinazojiendesha zenyewe usiku, hauhami kama data zinavyohama. Inabidi uandikwe upya, ujaribiwe, na matokeo yalinganishwe shilingi kwa shilingi. Kazi hiyo ina gharama, iandike.

Halafu kuna vijipande. Desemba 2021 ulipogunduliwa udhaifu wa Log4j, kijipande cha programu cha kuandikia kumbukumbu za mfumo, makampuni mengi hayakujua hata kama yanayo, kwa sababu ilikuwa imejificha ndani ya programu nyingine, za kulipia zikiwamo. Weka daftari la kila programu huria iliyomo ndani ya kampuni, toleo lake, na nani anaifuatilia.

Kijana wako nimemwacha mwisho kwa sababu kwake nataka uwe na haraka. Leo yeye ndiye msaada wenu wote, na anaweza kupata kazi Nairobi wiki ijayo. Muulize mkurugenzi kama yuko tayari kwa hatari hiyo, maana iko hata msipohama. Mwekee mwenzake mmoja, ikibidi kutoka miongoni mwa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, na mwenzake huyo ndiye aandike maelezo ya kazi wakati kijana anamwonyesha. Mtu hodari akijiandikia mwenyewe huruka hatua anazoziona za kawaida. Kisha mpe kijana likizo, azime simu. Yule wa pili achukue seva tupu na bekapu ya jana, auinue mfumo upya kwa maelezo yale peke yake huku wewe umekaa kando unaandika alipokwama. Palipokosekana neno, liongezwe. Mrudie mpaka aweze bila kuuliza. Na mshahara wa kijana uupandishe kutokana na kile mtakachookoa kwenye leseni. Yeye ndiye aliyeifanya kazi hii iwezekane, na inafaa asikie hivyo kutoka kwako kabla hajasikia kutoka kwa mwajiri mwingine.

Usihamishe chochote kati ya Novemba na Machi. Subiri masika, Aprili hadi Juni, hoteli zinapopumua. Mifumo yote miwili, wa zamani na mpya, iende sambamba mwezi mzima angalau, mwisho wa mwezi mmoja ukiwa ndani yake ili mishahara na hesabu za stoo zipite pote pawili. Leseni ya zamani usiikate mpaka hapo.

Ukipata makadirio ya bei na rasimu za mikataba, usizipeleke kikaoni kwanza. Mfuate mkurugenzi wa fedha ofisini kwake, mkae wawili, mzisome kifungu kwa kifungu, na lile jedwali la muda alijaze yeye mwenyewe kwa saa anazozitaka. Mkikwama kwenye kifungu, niandikie tena na ukinakili hapo neno kwa neno.